Kibao cha jina la kanga ukutani: mwongozo kamili wa kuchora herufi zisizobanana, zisizopinda na zisizovuja

Wapendwa, hii nimeona niiandike kwa urefu kabisa maana malalamiko yanarudi yale yale. Herufi zimeanza vizuri kushoto, zikifika kulia zimebanana mpaka ya mwisho inapanda ukingoni. Rangi imevujia pembeni. Mstari umeshuka. Na wengine kila kitu kimeenda sawa halafu siku ya mwisho vanishi inakokota rangi ya herufi na kazi yote inaharibika pale pale mezani. Inauma, mbao umenunua, rangi umenunua, na wikiendi yako imekwenda.

Sasa watu wengi wakishindwa wanasema mwandiko wangu mbaya. Hapana. Mwandiko wa daftarini na herufi za kibao ni vitu viwili tofauti kabisa, herufi za kibao hauziandiki, unazichora, na kitu cha kuchora kinapimika kwa rula. Kibao kinaharibikia kwenye penseli, kabla hata kopo la rangi halijafunguliwa. Ndio maana humu hatua za penseli nimezifanya ndefu kuliko za brashi, naomba usiziruke.

Tutatengeneza kibao kimoja wote: MGENI NJOO juu, MWENYEJI APONE chini. Nimelichagua jina hili kwa sababu linakaa vizuri sebuleni, na pia ndani yake kuna herufi karibu zote zinazosumbua watu, M, W, Y, J, halafu O mbili zimefuatana. Ukiliweza hili mengine yote utayaweza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kusanya vyote kwanza. Kazi ya rangi ukiiacha katikati ukakimbilie dukani, ukirudi brashi imekauka.

- Ubao wa futi 2 wa mbao ya 1x10, uliopigwa randa pande zote. Ni kama sentimita 60 kwa 25. Kwa fundi seremala vipande kama hivi vinabaki kila siku, ongea naye vizuri atakuuzia kwa bei ya maelewano
- Msasa namba 120 na namba 240
- Puti ya mbao kidogo, kama kuna matundu ya misumari
- Sanding sila ya shelaki (shellac), kimiminika cha kuziba mbao kabla ya rangi, kopo dogo, hasa kama mbao ni ya msonobari
- Rangi ya maji ya chini (mimi napenda nyeupe ya maziwa) na rangi ya maji au akriliki ya herufi, iliyokolea: nyeusi, bluu ya bahari, nyekundu ya damu ya mzee
- Brashi ya inchi 2 ya kupakia rangi ya chini
- Brashi bapa ya robo inchi yenye nywele laini, na brashi ya duara namba 2 ya kona na mistari myembamba. Hapa usibanie pesa. Brashi inayodondosha nywele itakuharibia kila herufi
- Karatasi kubwa, hata manila ya shule au za A4 tatu zilizounganishwa kwa ubavu mrefu
- Penseli ya HB, penseli laini ya 4B au 6B, rula ndefu, skwea ya fundi (ile rula ya pembe mraba), raba
- Maskintepu, ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi
- Vijiti vya pamba vya masikio, kitambaa safi, maji
- Vanishi ya maji, isiyo na rangi
- Kamba ya katani kama mita moja, na msumari wa zege

Kwenye kopo la rangi angalia kama imeandikwa haina madini ya risasi, na kama duka halina yenye maandishi hayo nenda duka lingine, hasa kama kuna watoto nyumbani. Wakati wa kupiga msasa vaa barakoa. Vumbi la mbao sio la kuvuta.

## Hatua ya 1: Ubao

Shika ubao uuinue usawa wa jicho uutazame kwa urefu wake kama fundi anavyofanya. Ukiona umepinda, rudisha. Mbao mbichi pia iache, ni nzito na baridi mkononi, na ikishakaukia ukutani kwako itajikunja na kupasua rangi.

Toboa matundu mawili ya kamba sasa hivi, kabla ya rangi yoyote. Pima sentimita 4 kutoka kila upande na sentimita 1 kutoka juu, drili ya milimita 6. Watu wanaacha kutoboa mpaka mwisho, drili inateleza, inang'oa rangi iliyokwisha kumalizika.

Ziba matundu mengine kwa puti, ikikauka piga msasa wa 120 kufuata nyuzi za mbao, usikate nyuzi maana mikwaruzo itaonekana hata chini ya rangi. Kisha futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu, acha ukauke, utausikia umekuwa na vinyweleo tena. Hivyo vinyweleo vimeinuliwa na maji, na rangi yako ya maji ingevinyanyua vile vile, kwa hiyo bora vinyanyuke sasa uvikate kwa msasa wa 240.

Msonobari una macho, yale madoa ya kahawia yenye utomvu. Yapake sanding sila mara mbili. Usipofanya hivyo utomvu utapanda polepole na baada ya muda utaona doa la njano limetokea katikati ya rangi nyeupe.

Utajua imekubali: ukipitisha kiganja macho umefumba husikii kitu.

## Hatua ya 2: Rangi ya chini

Mikono miwili myembamba, yaani paka mara mbili, sio mmoja mnene. Mkono mnene unakauka juu huku chini bado mbichi, halafu herufi zako zinakuja kupasuka nao. Acha masaa manne kati ya mkono na mkono, na kama uko Tanga, Mombasa au Unguja kipindi cha masika ongeza, hewa imejaa maji na rangi haikauki kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo.

Kati ya mikono gusa kidogo kwa msasa wa 240, futa vumbi.

Onyo moja kubwa hapa. Kama ubao ulishawahi kupakwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa, usipake rangi ya maji juu yake hivi hivi. Haishiki, itabanduka kama ganda. Lazima uchubue mng'ao wote kwa msasa kwanza na upake praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine.

Rangi ya chini iliyobaki usiitupe. Weka kidogo kwenye kichupa chenye mfuniko, tutaihitaji mara mbili huko mbele.

## Hatua ya 3: Hesabu ya herufi

Haya, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kubanana kunatokea kwa sababu watu wanahesabu herufi, wanagawa upana wa ubao kwa idadi, wanapata kijumba kimoja kimoja. Lakini herufi hazina upana sawa. M na W ni wanene, I ni kijiti tu. Ukiwapa wote nafasi moja, M inasongwa na I inaogelea.

Kwa hiyo tunahesabu kwa vipimo. Sheria yangu ni hii:

- Herufi ya kawaida = kipimo 1
- M na W = kipimo 1 na nusu
- I = nusu kipimo
- Nafasi kati ya neno na neno = kipimo 1

Ndani ya kipimo hicho kuna herufi yenyewe pamoja na pengo la kuitenga na jirani yake. Tupige hesabu.

MGENI: 1.5 + 1 + 1 + 1 + 0.5 = 5. Nafasi 1. NJOO = 4. Jumla mstari wa kwanza 10.

MWENYEJI: 1.5 + 1.5 + 1 + 1 + 1 + 1 + 1 + 0.5 = 8.5. Nafasi 1. APONE = 5. Jumla mstari wa pili 14.5.

Mstari mrefu ndio unaoamua ukubwa, siku zote. Ubao wetu ni sentimita 60, tunaacha 5 kila upande, zinabaki 50. Gawa 50 kwa 14.5 unapata 3.4 na kitu. Shusha, usipandishe: kipimo kimoja ni sentimita 3.4.

Sasa mstari wa pili utakuwa 14.5 × 3.4 = sentimita 49.3. Na wa kwanza 10 × 3.4 = sentimita 34. Kila mstari unatoa upana wake kwenye 60 halafu unagawa kwa mbili kupata pa kuanzia. Mstari wa kwanza unaanza sentimita 13 kutoka kushoto. Wa pili unaanza sentimita 5.3 hivi. Umeona? Katikati imejipata yenyewe, hakuna kukadiria kwa macho.

Urefu wa herufi zidisha kipimo mara moja na nusu: 3.4 × 1.5 ni kama sentimita 5.

Juu na chini sasa. Mistari miwili ya sentimita 5 ni 10, pengo kati yake 3.5, jumla 13.5. Ubao una 25, zinabaki 11.5. Juu acha 5.5, chini acha 6. Usigawe sawasawa. Maandishi yaliyokaa katikati kamili kwa rula, jicho linayaona yameteleza chini, kwa hiyo tunayanyanyua kidogo.

Utajua imekubali: ukijumlisha kila kitu kutoka kushoto mpaka kulia unapata 60 ile ile, na kutoka juu mpaka chini unapata 25. Isipotimia usiendelee, rudia.

## Hatua ya 4: Chora kwenye karatasi, nene na nyembamba

Tunachora kwenye karatasi sio kwenye ubao, maana ubao ukifutwa futwa na raba unachafuka na unabaki na alama.

Kata karatasi saizi ya ubao. Piga mistari minne ya kulala kwa rula na skwea, juu na chini ya kila mstari wa herufi. Weka vialama vya vipimo ulivyopiga, andika herufi kwa kijiti kimoja chembamba tu kwanza, mifupa. Usinenepeshe chochote bado.

Mifupa ikishakaa ndio unaivisha nyama. Na hapa kuna jambo linalofanya kibao kionekane cha kitaalamu au cha kubahatisha: ni upande gani wa herufi unanenepa. Sio uchaguzi wako. Herufi hizi zimetokana na kalamu yenye ncha bapa iliyoshikwa kwa mshazari, na kalamu ile ikishuka chini kwenda kulia inaacha wino mnene, ikipanda inaacha mwembamba. Jicho limezoea hivyo miaka yote, ukibadilisha mtu anaona kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini.

Kwa jina letu:

M: kijiti cha kushoto chembamba, mshazari unaoshuka mnene, unaopanda mwembamba, kijiti cha kulia kinene.
W: nene, nyembamba, nene, nyembamba.
N: hii ndio inawakosesha wengi. Vijiti viwili vya kusimama ni *vyembamba*, mshazari wa katikati ndio mnene.
A: kushoto nyembamba, kulia nene.
Y: mkono wa kushoto mnene, wa kulia mwembamba, mguu mnene.
E, P, J, I: kijiti cha kusimama kinene, mikono ya E ni myembamba, tumbo la P linanenepa ubavuni tu.
O, G: mbavu nene, juu na chini nyembamba. G inanenepa ubavu wa kushoto.

Unene fanya milimita 8, wembamba milimita 3. Kata kipande cha karatasi ngumu chenye upana wa milimita 8 na kingine cha 3 uvitumie kupimia kila herufi badala ya kusoma rula kila mara, inaokoa muda sana na herufi zote zinatoka ndugu.

Kama hutaki mambo ya nene na nyembamba, fanya zote nene sawasawa kama zilivyo kwenye kanga nyingi. Nayo ni nzuri na inasomeka kutoka mlangoni. Lakini chagua moja, usichanganye.

## Hatua ya 5: Sogeza kwa jicho

Rula imefika mwisho wake, sasa linaingia jicho. Mapengo yaliyopimwa sawa hayaonekani sawa. Kinachotakiwa kuwa sawa ni *eneo tupu* kati ya herufi na herufi, sio umbali.

Tazama jina letu jozi kwa jozi. N na I mwisho wa MGENI ni vijiti viwili vilivyosimama, hawa wanahitaji pengo pana kuliko wote. J na I hivyo hivyo, kwa sababu kijiti cha J kiko kulia kinaitazama I uso kwa uso. O na O katika NJOO ni matumbo mawili, zisogeze zikaribiane mpaka uone kama zinataka kugusana, hapo ndipo zinapoonekana za kawaida. N na Y, Y na E: Y iko wazi chini, ivute ndani. E na J: E iko wazi kulia, J iko wazi kushoto, ukiziacha kwa kipimo cha rula patatokea shimo katikati ya MWENYEJI na mtu atasoma MWENYE JI. P na O kwenye APONE, sogeza kidogo.

Halafu O na G zichore zipite mstari kwa milimita 1 juu na milimita 1 chini. Na ncha ya A ipite juu kidogo. Umbo la duara likiishia mstarini linaonekana dogo kuliko wenzake, hii sio kosa, ndivyo macho yalivyo, na waandishi wa vibao vya maduka wanalifanya kila siku bila hata kufikiri.

Kukagua: bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua tano sita, fumba macho nusu. Kisha igeuze juu chini uitazame tena. Ikiwa juu chini akili haisomi neno, inaona maumbo tu, na kila shimo na kila msongamano unajitokeza.

Utajua imekubali: ukiwa umefumba macho nusu mstari unaonekana wa kijivu sawasawa, hakuna palipo na giza wala mwanga zaidi. Ukifika hapa kazi ngumu imekwisha, kweli.

## Hatua ya 6: Pindo

Kanga bila pindo haijakamilika, na kibao hiki nacho kinapendeza kikizungushiwa. Tunaipaka kabla ya herufi ili tepu isije ikabandua herufi.

Weka maskintepu sentimita 1.5 kutoka ukingoni kuzunguka, na nyingine ndani yake sentimita 3 kutoka ukingoni. Panabaki njia ya sentimita 1.5 katikati. Bonyeza kingo za tepu kwa mgongo wa kijiko.

Sasa siri ya kutovuja: chukua ile rangi ya *chini* uliyoweka akiba, paka nyembamba juu ya kingo za tepu, acha ikauke. Kama kuna upenyo, utavujiwa na rangi ile ile ya chini, haitaonekana, na upenyo utakuwa umezibwa. Ndipo upake rangi ya pindo juu.

Tepu itoe rangi ikiwa bado na unyevu, ikunje nyuma yake yenyewe uivute polepole kwa mshazari. Ukisubiri ikauke kabisa rangi inashikana na tepu na kung'oka nayo vipande vipande.

## Hatua ya 7: Kuhamisha mchoro

Geuza karatasi, nyuma ya kila herufi paka penseli laini ya 4B mpaka pawe peusi. Kama rangi yako ya chini ni nyeusi au bluu, paka chaki nyeupe badala ya penseli. Laza karatasi juu ya ubao, pima kingo zote, bana kwa tepu upande wa juu tu ili uweze kufunua kuchungulia. Kisha pitia kingo za herufi kwa HB au kalamu ya bik iliyoisha wino.

Karatasi ya kaboni ya bluu iache huko huko duka la stesheneri. Ina nta, rangi ya maji inaikimbia, na alama yake haifutiki kwa raba.

Usiegemeze kiganja juu ya karatasi, utaacha wingu la penseli ubao mzima.

## Hatua ya 8: Brashi

Pumua. Umeshafanya sehemu kubwa.

Rangi ipate maji kidogo, matone tu, mpaka iteleze kama uji mwepesi. Jaribu kwenye kipande cha mbao: brashi ikivuta mstari wa sentimita 5 bila kukauka njiani, na mstari ukabaki palepale bila kutanuka, ni sawa. Ikiacha michirizi mikavu ni nzito. Ikitambaa pembeni umeizimua mno.

Usichovye brashi ukaenda nayo moja kwa moja ubaoni. Chovya theluthi ya nywele, halafu ipige mara kadhaa kwenye kipande cha plastiki bapa, upande huu na upande huu, mpaka nywele zishikane ziwe na ncha kali iliyonyooka. Ncha hiyo ndiyo inayokata kingo. Watu wanaochora herufi zenye kingo za mawimbi, tisa kwa kumi wameruka hapa.

Mkono uegemezwe. Chukua kifimbo cha kama sentimita 50, funga kitambaa ncha moja kiwe kifundo, kifundo kikae nje ya maandishi, kifimbo ukishike kwa mkono wa kushoto, na mkono wa brashi ulale juu ya kifimbo. Mkono unaoelea hewani unatetemeka, wa mtu yeyote. Kiganja kilicholala juu ya rangi mbichi nacho unajua mwisho wake.

Mpangilio ni huu, mstari wa juu kwanza, kushoto kwenda kulia (kama unatumia mkono wa kushoto anza kulia):

1. Brashi bapa, vuta *kuelekea kwako* kutoka juu kwenda chini. Anza ndani kidogo ya mstari wa penseli, weka brashi, ibonyeze itanuke hadi ukingoni, vuta kwa pumzi moja bila kusimama. Ukisimama katikati panabaki fundo.
2. Kingo zote mbili za kijiti kinene kwanza, kisha jaza katikati.
3. Kwa O na G usizunguke kwa mvuto mmoja. Ubavu wa kushoto kutoka juu hadi chini, rudi juu, ubavu wa kulia hadi chini. Geuza ubao ukihitaji, hakuna sheria inayosema ubao lazima ukae wima.
4. Mistari myembamba na kona mwisho, kwa brashi ya duara namba 2.

Mkono wa kwanza utaona rangi ya chini inachungulia, usishtuke na usirundike rangi palepale. Acha ikauke masaa mawili, pita mkono wa pili. Herufi iliyorundikwa rangi inatoa machozi, na chozi likikauka lazima msasa.

Utajua imekubali: ukiinamisha ubao dirishani mwanga ukapita juu yake, herufi zina unene mmoja, hakuna vilima.

## Hatua ya 9: Ukikosea

Rangi ikiwa mbichi: kijiti cha pamba chenye maji kidogo, futa kutoka *nje kuelekea ndani* ya herufi. Ukifuta kutoka ndani kwenda nje unazidi kutandaza.

Rangi ikiwa nusu imekauka: usiguse. Yaani acha kabisa, hata kama inakuwasha. Ukigusa inavutika na kubandua ya chini.

Ikishakauka: ile akiba ya rangi ya chini, brashi namba 2, kata ukingo upya kutoka nje. Hivi ndivyo kingo zinavyonyooshwa hasa, kwa kukata kwa rangi ya chini. Hata mafundi wazuri wanamaliza kwa kuzunguka na rangi ya chini, kwa hiyo usihisi unadanganya.

Alama za penseli futa kesho yake, kwa raba laini nyeupe. Zile raba za pinki kwenye kichwa cha penseli zinaacha doa.

## Hatua ya 10: Vanishi

Subiri masaa 24 kamili baada ya herufi za mwisho. Hapa ndipo kazi nzuri nyingi zinapofia, kwa haraka tu. Chukua kijiti cha pamba chenye maji ukisugue taratibu kwenye kona ya herufi moja: kikitoka na rangi, bado, ongeza siku.

Tumia vanishi ya maji. Ile ya mafuta inageuza nyeupe kuwa njano kadiri siku zinavyokwenda. Kopo usilitikise, koroga polepole kwa kijiti, kutikisa kunaleta mapovu na mapovu yanakauka vile vile yalivyo. Brashi pana laini, mvuto mmoja mmoja, usirudi rudi pale pale. Mikono miwili myembamba.

Siku ya mvua ahirisha. Vanishi zinazokauka haraka, zile za kuzimua kwa tina, zikikutana na hewa yenye maji zinapata ukungu mweupe. Na ukitumia hizo za tina fanya nje, mbali na jiko, na vitambaa vilivyolowa vitandaze nje vikauke, usivikunje ukavitupa kwenye pipa ndani ya nyumba.

## Hatua ya 11: Kutundika

Pitisha kamba ya katani kutoka mbele kwenda nyuma kwenye matundu, funga fundo nyuma. Funga ncha za kamba kwa uzi zisichambuke.

Ukuta wa tofali unahitaji msumari wa zege, wa kawaida utapinda. Bandika kipande cha maskintepu mahali pa kupigilia kabla ya nyundo, plasta haitamomonyoka. Katikati ya kibao iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho. Vibao vingi naviona vimetundikwa juu mno, karibu na dari, mgeni anainua shingo kusoma.

Usikiweke juani moja kwa moja wala karibu na mvuke wa jiko. Kusafisha ni kitambaa chenye unyevu tu.

## Majina mengine, hesabu nimeshakupigia

Kwa ubao ule ule wa 60 kwa 25:

KARIBU: vipimo 5.5. Usijaze ubao wote, kipimo cha sentimita 6 kinakupa mstari wa 33 na herufi za sentimita 9, inatosha kabisa kwa mlangoni.

WEMA HAUOZI: 11.5 kwa mstari mmoja. Kipimo sentimita 4.3, herufi sentimita 6.5 hivi. A, U na O zimefuatana hapo: A na U acha wastani, U na O sogeza kidogo.

BISMILLAH: 8.5. Jihadhari na L mbili, kila L ina shimo juu yake upande wa kulia. L mguu wake ufupishe kidogo kuliko E, na L ya pili ikikutana na A mguu wa L na mguu wa A vikaribiane sana, karibu kugusana.

WASEMAO NA WASEME: mstari mmoja ni 19, herufi zitakuwa ndogo mno. Vunja: WASEMAO ni 8, NA WASEME ni 10. Kwa hesabu ya 50 gawa kwa 10 utapata kipimo cha sentimita 5, lakini urefu utakuwa 7.5 na mistari miwili itakula ubao wote mpaka pindo likose pa kupumua, kwa hiyo shusha mpaka 4: upana 32 na 40, urefu wa herufi 6, pengo 3.5, na juu na chini zinabaki 9.5 za kugawa, 4.5 juu na 5 chini.